Philadelphia ya Mwaka 1993: Je, Bado Inatazamika?

Filamu ya Philadelphia, iliyoongozwa na Jonathan Demme kwa mswada wa Ron Nyswaner, ilianza kuonyeshwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1993, na tangu hapo imekuwa ikitajwa kila mara kuwa ndiyo kazi ya kwanza ya studio kubwa za Hollywood kuuzungumzia UKIMWI bila kuzungukazunguka. Sifa hiyo imeilinda kwa miaka mingi, kwa kuwa si rahisi kumkosoa aliyetangulia kuingia majini huku wengine wakiwa wamesimama ufukweni. Nimeitazama tena hivi karibuni nikitaka kujua jambo moja tu: sifa ya kutangulia ikiwekwa kando, je, filamu yenyewe inatosha kumkalisha mtazamaji wa leo kwenye kiti kwa saa mbili na ushei? Naona inatosha, ingawa kinachoibeba sasa sicho kilichoibeba wakati ule. Upande wa ugonjwa imechakaa sana, na upande wa mapenzi ya wanaume wawili ilikuwa na haya tangu siku ya kwanza. Kilichobaki kizima ni picha ya mtu msomi, mwenye mke na mtoto, anayeijua sheria vizuri, ambaye anaogopa kushikana mkono na mgonjwa.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Andrew Beckett, anayeigizwa na Tom Hanks, ni wakili kijana anayepanda vyeo haraka katika kampuni kubwa ya mawakili mjini Philadelphia. Amewaficha wakubwa wake mambo mawili: kwamba anaishi na mwanamume mwenzake, Miguel (Antonio Banderas), na kwamba ana UKIMWI. Usiku ule ule anaokabidhiwa kesi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, mmoja wa wakubwa hao anaona doa kwenye paji la uso wake, na Andrew anasingizia kwamba amegongwa na mpira mchezoni. Muda mfupi baadaye waraka muhimu wa kesi hiyo unapotea ofisini, unapatikana dakika za mwisho kabisa, na kesho yake Andrew anaitwa mbele ya wakubwa, anaambiwa kwamba utendaji wake umeshuka, na anafukuzwa kazi. Yeye anaamini sababu halisi ni ugonjwa wake. Anatafuta wakili wa kumtetea na kukataliwa na mmoja baada ya mwingine, hadi anapoingia katika ofisi ya Joe Miller (Denzel Washington), wakili wa kesi za ajali na majeraha ambaye hujitangaza kwenye televisheni. Joe naye anamkataa.

Katika kukataliwa huko ndimo mlimo na uzuri wote wa filamu hii. Joe anampokea Andrew kwa uchangamfu wa mtu anayemtambua mwenzake wa kazi, ananyoosha mkono, wanashikana, kisha anamuuliza kimemsibu nini usoni. Andrew anamjibu kwa maneno machache kwamba ana UKIMWI. Joe anarudi nyuma, na kuanzia hapo kamera inafanya kazi ya macho yake: inaifuata kofia ya Andrew inapowekwa mezani, inavifuata vidole vyake vinapogusa vitu vilivyo juu ya meza hiyo, inasita kwenye picha ya mtoto mchanga wa Joe. Hakuna anayetamka neno kuambukizwa. Mtazamaji anajikuta na yeye anahesabu vilivyoguswa, na pengine anajiuliza kama angevifuta baadaye. Anayejiuliza hivyo tayari ameingizwa kwenye kesi, tena upande ambao hakuutarajia.

Andrew akishaondoka, Joe anakwenda kwa daktari wake. Anaelezwa kwamba virusi haviambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kukaa chumba kimoja, na anasikiliza kwa makini kama mtu anayepokea ushahidi wa kitaalamu. Anaelewa kila neno, na bado hatulii. Na daktari anapotaka kumtoa damu ili ampime, Joe anashangaa kwamba kuna mtu anayeweza kudhani yeye ni wa kupimwa. Sehemu hii haizidi dakika chache, lakini inasema jambo ambalo mabango ya afya, huko kwao na huku kwetu, hayajapenda kulikubali: mtu anaweza kupewa maelezo sahihi asubuhi, akayarudia bila kukosea hata herufi, na jioni akakwepa kikombe alichonywea mwenzake. Sisi tuliokulia katika miaka ya semina na nyimbo za kampeni tunawafahamu watu wa namna hiyo, na baadhi yao ndio waliokuwa wakiziendesha hizo semina.

Demme hamharakishi Joe. Nyumbani anamwambia mke wake waziwazi kwamba watu wa aina ya Andrew wanamchukiza, na mke anamtajia jamaa na marafiki wanaowafahamu, shangazi mmoja akiwemo, ambao Joe amekuwa akikaa nao bila habari. Kwenye baa, akiwa hatimaye ameikubali kesi na imeshaanza, Joe anawaambia wenzake kwamba na yeye hapendezwi na mambo hayo, ila sheria imevunjwa, basi. Dukani, mwanafunzi wa sheria mwenye adabu zake anapomtaka, Joe anawaka hasira na kumtukana. Filamu nyingi za aina hii zingekuwa zimekwisha kumtakasa shujaa wao kufikia hapo. Hii inamwacha awe mwanasheria mzuri kwanza, na kuhusu utu wake inampa muda, na Washington anaucheza muda huo bila kuomba huruma ya mtazamaji. Tuzo ya Oscar ilikwenda kwa Hanks, na kazi ya Hanks, aliyejikondesha hadi koti linamning'inia, haina kasoro ya kutajika; hata hivyo, baada ya miaka yote hii, ninayemkumbuka zaidi filamu inapokwisha ni Joe.

Kinachombadilisha Joe, kwa kadiri anavyobadilika, kinatokea maktaba. Andrew amekaa peke yake na vitabu vyake vya sheria akijiandalia kesi mwenyewe, anakohoa, na mkutubi anamshauri ahamie chumba cha faragha ambako atakuwa huru zaidi. Andrew anamuuliza kwa upole kama kuhama huko ndiko kutakakompa yeye mkutubi raha. Joe anayaona haya kutoka meza nyingine, amejificha nyuma ya vitabu, na unaweza kuona kwamba hataki kabisa kuinuka. Anainuka. Wanaishia kusoma kwa zamu maneno ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1987 katika kesi ya Arline, iliyomhusu mwalimu wa Florida aliyeachishwa kazi kwa sababu ya kifua kikuu. Kesi hiyo ni ya kweli, na iliweka msingi kwamba hofu ya watu wengine kuhusu maradhi ya kuambukiza haitoshi kuwa sababu ya kumfukuza mtu anayeweza kazi yake. Ni nadra filamu ikaweza kuifanya hukumu ya mahakama isikike kama mazungumzo ya watu wawili wanaoanza kuaminiana.

Baadhi ya wakosoaji wa wakati ule, akiwemo Larry Kramer, mwandishi na mwanaharakati aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa ACT UP, kundi la wanaharakati wa UKIMWI, waliishambulia filamu hii vikali, na moja ya hoja zilizosikika sana ni kwamba simulizi la msiba wa wanaume wanaopenda wanaume lilikuwa limekabidhiwa kwa mwanamume mwenye mke ili watazamaji wa kawaida wasikereke. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu mwaka 1994, wakati watu walipokuwa wanakufa kwa maelfu na dawa za kutegemewa hazipo. Leo naiona kwa namna tofauti. Uamuzi ule wa kibiashara, na bila shaka ulikuwa wa kibiashara, ndio ulioiokoa filamu isizeeke, kwa sababu woga wa Joe haujapatiwa dawa, ilhali ugonjwa wa Andrew umepatiwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kilichochakaa. Filamu ilitoka takriban miaka mitatu kabla ya mwaka 1996, ambapo mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi ulianza kubadilisha kabisa maisha ya wenye VVU katika nchi tajiri; kwetu ilibidi kusubiri hadi katikati ya muongo uliofuata, na katika kusubiri huko tulizika wengi. Kwa Andrew, kupata UKIMWI ni kufa, na swali lililobaki ni kama atakufa kabla au baada ya hukumu. Kijana wa leo ambaye mama yake anameza kidonge kimoja kila usiku na kwenda shambani asubuhi ataitazama filamu hii na kutishika bila sababu, au ataiona kama hadithi ya ugonjwa mwingine kabisa. Hakuna mahali popote, na pasingeweza kuwepo, panapodokeza kwamba mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake. Atakayeionyesha kwa vijana bila kuwaeleza hili atakuwa amewapa habari za mwaka 1993 kana kwamba ni za leo.

Kilele cha mahakamani kimechakaa kwa namna ya kuvutia zaidi. Wakili wa kampuni, Belinda Conine, anayeigizwa na Mary Steenburgen kwa ustadi ambao haujasifiwa vya kutosha (kuna mahali anarudi kukaa na kunong'ona kwamba anaichukia kesi hii), anampa Andrew kioo na kumtaka aseme kwa kiapo kama anaona doa lolote usoni mwake kutoka umbali ule. Haonekani nalo. Joe anajibu kwa kumwomba Andrew afungue shati, na kifua chote kimejaa madoa ya saratani ya Kaposi. Jopo la raia linaona, kesi inageuka. Mwaka 1993 kitendo hicho kilikuwa kishindo, na hata leo mwili unasisimka. Lakini mantiki yake ni kwamba maradhi yana alama, na mwenye macho ataiona. Anayebaguliwa kazini siku hizi hana doa. Anayemponza ni chupa ya vidonge inayolia ndani ya begi, ndiyo maana wengi huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni au kopo jingine. Anayemponza ni siku ya kliniki ambayo kila mtu wa mtaani anaijua, au fomu ya vipimo anayopewa kabla ya kuajiriwa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na kesi ya namna hiyo mwaka 2000, ya kijana aliyenyimwa kazi ya kuhudumia abiria katika shirika la ndege la nchi hiyo kwa sababu tu vipimo vilionyesha ana virusi, huku akiwa mzima wa afya. Alishinda, na shirika liliamriwa limpe kazi. Hakufungua shati, na filamu ingepata shida kuionyesha kesi kama yake. Kenya ilipitisha sheria yake ya VVU na UKIMWI mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, zote zikikataza ubaguzi, na ukisoma sheria hizo baada ya kuitazama Philadelphia utaona zinahangaika zaidi na siri ya vipimo kuliko na sura ya mtu.

Kuna shahidi mmoja, hata hivyo, ambaye filamu inampa dakika chache tu na ambaye kwangu mimi anaipita kesi nzima. Ni Bi. Benedict, mwanamke aliyewahi kufanya kazi na mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, na aliyeambukizwa kwa kuongezewa damu. Yule mkubwa naye anaeleza mahakamani jinsi anavyomhurumia mwanamke huyo, kwa kuwa hakuyatafuta. Anapoulizwa, Bi. Benedict anakataa katakata kuwekwa kwenye fungu la wasio na hatia. Anasema hajioni tofauti na mgonjwa mwingine yeyote, hana hatia wala hana usafi wa kujivunia, anajaribu tu kuishi. Katika Afrika Mashariki na Kusini wengi wa wanaoishi na VVU ni wanawake, na mgawanyo wa walioponzwa na waume zao dhidi ya waliojitakia bado unapigwa misibani na vikaoni kama vile hakuna aliyewahi kuupinga. Laiti Demme angemrudisha kizimbani mama huyu mara ya pili.

Miguel ndiye aliyedhulumiwa zaidi. Banderas ana macho yanayosema mengi kuliko mistari aliyopewa, na mistari ni michache. Yeye na Andrew wameishi pamoja kwa miaka, lakini tunachoonyeshwa ni mabishano mafupi hospitalini kuhusu matibabu, dansi moja kwenye sherehe wakiwa wamevaa sare nyeupe za mabaharia, na mkono ukibusiwa. Hatujui waliwahi kugombania nini, nani hupika, nani alilia siku majibu yalipotoka. Ndoa ya Joe ina jikoni, ina kitanda, ina mtoto anayelia. Nyumba ya Andrew na Miguel ina fanicha nzuri. Sitetei wala sishambulii maisha ya mtu hapa. Nasema tu kwamba msimulizi anayetaka nimlilie mjane anapaswa kwanza kunionyesha ndoa. Mwaka 2022 Hanks mwenyewe alisema katika mahojiano kwamba leo mwanamume asiyependa wanaume asingeweza kupewa nafasi ile, na kwamba ni sawa iwe hivyo. Pengine. Ila tatizo la Miguel lilikuwa kwenye mswada, na mwigizaji yeyote angelikuta pale pale.

Familia ya Andrew nayo ni njema kupita kiasi. Anawakusanya nyumbani kwa wazazi, siku ya kuadhimisha ndoa yao, ili awaonye kuhusu mambo yatakayosemwa mahakamani, na kila mmoja anambariki. Mama, Joanne Woodward, anasema hakuwalea wanawe ili wakae viti vya nyuma kwenye basi. Anayevijua vikao vya ukoo atatabasamu. Hakuna mjomba anayetoka nje kuvuta sigara, hakuna shemeji anayeuliza kama watoto walikunywa kwenye glasi gani. Nyswaner alihitaji mahali pamoja penye joto, nadhani, na akapatia hapo joto lote kwa mkupuo.

Kuhusu onyesho la opera, watazamaji wamegawanyika tangu mwanzo, na mimi niko upande wa wanaolitetea. Joe amebaki nyumbani kwa Andrew baada ya ile sherehe ili amwandalie maswali ya mahakamani. Andrew, anayeburuta nguzo ya dripu, anaweka sauti ya Maria Callas akiimba kipande cha La mamma morta kutoka opera ya Andrea Chénier ya Giordano, na anaanza kumfasiria Joe maneno, kwanza kama mwalimu, kisha kama mtu aliyesahau kwamba kuna mgeni. Mwanga unageuka mwekundu, kamera inapanda juu ya kichwa chake. Kwa vipimo vya leo ni kutia chumvi. Lakini angalieni uso wa Joe: hajaguswa na muziki, haujui, na anatamani kuondoka. Anaondoka. Muziki unamfuata hadi nyumbani, anamnyanyua mtoto wake aliyelala na kumkumbatia, kisha anajilaza ubavuni mwa mke wake macho wazi. Hakuna mazungumzo yanayotueleza kimempata nini, na Demme, aliyekuwa ametoka kulaumiwa kwa namna filamu yake ya awali, The Silence of the Lambs, ilivyomchora muuaji wake, anaonyesha hapa kwamba alijua kunyamaza.

Ufundi mwingine naupitia haraka. Mpiga picha Tak Fujimoto anawapiga waigizaji nyuso kwa ukaribu, wengi wakitazama moja kwa moja kwenye lenzi, kiasi kwamba Andrew anapofukuzwa tunafukuzwa sisi. Wimbo wa Bruce Springsteen unaofungua filamu, ulioshinda Oscar yake, unapita juu ya mitaa halisi ya jiji hilo, na haujazeeka. Fidia anayopewa Andrew, inayozidi dola milioni tano, ni ya sinema. Ushahidi wa Anthea Burton, mfanyakazi mweusi wa kampuni hiyo aliyeombwa abadilishe hereni zake zionekane za Kimarekani zaidi, unaingizwa na kutolewa upesi mno, ingawa katika sentensi chache unaeleza kampuni ile vizuri kuliko hotuba zote za Joe. Wapenzi wa vibanda vya video, ambako filamu bila ngumi haimalizi dakika kumi, hawataipenda, na hawakuwahi kukusudiwa.

Ina urefu wa dakika 125. Lugha ni kali mahali pengi, hasa Joe anapotukana, na mahakamani yanasemwa waziwazi mazingira ambayo Andrew aliambukizwa, kwa hiyo watoto wadogo wabaki nje. Anayetaka kuitumia katika mafunzo ya waajiri au maofisa rasilimali watu asiwape filamu nzima. Awaonyeshe kikao cha kwanza ofisini kwa Joe na kile cha kwa daktari, asimamishe hapo kabla mtu hajapata nafasi ya kumlilia Andrew, kisha awaulize ni vitu vingapi walihesabu kwenye ile meza.